Boya Tulilolichomelea Gitega

Nilikuja Kigali na ufundi ambao Kigali haikuwa na haja nao. Huko kwetu Tanga kazi yangu ilikuwa maboya, yale madude makubwa ya chuma yanayoelea baharini yakiwa yamefungwa kwa mnyororo, ili nahodha ajue pa kupita na pa kuepuka. Niliyachomelea, niliyapaka rangi, nilitoka na chombo kwenda kuyatega juu ya miamba na mafungu ya mchanga. Kila baada ya muda tuliyavua, tukayakwangua chaza na majani ya bahari, tukayarudisha mahali pake. Nilidhani nitazeekea humo.

Kisha mama mkwe akaugua. Mke wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, na kwao ndiye mtoto pekee aliyebaki. Hatukulijadili sana. Tulihamia Kigali, tukapanga nyumba Kimironko, karibu na mama, mke wangu akapata kazi ya ofisini huko Remera, na mimi nikapata nafasi kwenye karakana ya vyuma mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali, bondeni, mahali ambapo kelele za grainda zinashindana na redio za majirani. Tulitengeneza mageti, madirisha na vitako vya matangi ya maji. Wenzangu waliniita Mutanzania, na kazi ikipoa walipenda kuniuliza mambo ya bahari.

"Sasa ile jiwe iko chini ya maji," mmoja aliniuliza, "nyinyi munaionaje?"

"Hatulioni. Tunalitafuta mpaka tuliguse."

Alicheka kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Halafu siku moja mwenye karakana, bwana aliyekulia Kampala na kurudi na mtaji wake, akaniita pembeni. "Iko watu ya ziwa wanataka ile kitu yako ya bahari," alisema. "Nimewaambia ninaye fundi."

Tulikutana nao Gisimenti, kwenye mgahawa wa mishikaki, mchana. Walikuwa wawili, wanawakilisha umoja wa wenye maboti ya mizigo na abiria katika Ziwa Kivu. Walitaka boya, na walikuwa wamekwisha kupata kibali cha kulitega. Mkubwa wao alieleza huku akichora kwa kidole mezani. Kulikuwa na kisiwa, na karibu na kisiwa kulikuwa na jiwe lililozama. Miaka ya nyuma boti yenye mzigo ililigonga na mtu mmoja alikufa. Sasa maboti yameongezeka, abiria wameongezeka, nao wanaogopa.

"Jiwe lenyewe liko wapi hasa?" niliuliza.

"Pale kwa kona ya kisiwa. Yule kapiteni alikata kona, akapita karibu sana."

"Kuna aliyeliona?"

Walitazamana. "Haionekani," mkubwa alisema. "Lakini kila mtu anajua iko kwa kona."

Niliwaambia jambo ambalo huko pwani kila mmoja wetu alifundishwa mwanzo kabisa wa kazi. Boya likiwekwa mahali pasipo pake ni hatari kuliko kutokuwa na boya, kwa sababu nahodha hulitazama, akaliamini, akaacha kuogopa. Siwezi kutega kitu juu ya jiwe ambalo hakuna aliyeligusa. Walikubali, nadhani kwa sababu nilisema polepole. Tukapatana kwamba sisi tutatengeneza boya, na kabla ya kulitega mimi mwenyewe nitalitafuta jiwe.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa jikoni anachambua isambaza, wale dagaa wadogo wa Kivu, kwa ajili ya mboga ya jioni. Nikamsimulia. Mikono yake ikasimama.

"Mama anayeniuzia hizi," alisema, "mume wake alikufa kwenye ile boti. Alikuwa mchuuzi wa dagaa. Aliniambia siku moja, hivi hivi, tukiwa tunangoja mvua ikatike."

"Atakuwa anajua mahali?"

"Sijui. Muulize."

"Nitamuulizaje mtu mahali alipofia mume wake?"

Akaendelea kuchambua. "Nitakwenda na wewe," alisema.

Tulikwenda Jumamosi. Soko la Kimironko siku hiyo lilikuwa limejaa kama kawaida, na upande wa dagaa harufu inakufikia kabla hujawaona wauzaji. Mama yule alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge cha bluu, na mafungu ya dagaa mbele yake yamepangwa sawasawa. Mke wangu alimwamkia na kuzungumza naye Kinyarwanda kwa muda. Mimi nilisimama nyuma yake. Mwishowe mama aliniangalia mimi na kugeukia Kiswahili, ili nisiachwe nje.

"Wewe ndiyo utaweka alama?"

"Ndiyo, mama. Tukilipata jiwe."

"Mimi sijui mahali. Mimi nililetewa mwili tu." Alipanguza sahani ya kupimia kwa kitambaa. "Muulize ule alikuwa anaendesha. Iko Gitega, anauza viatu. Watu wanamuona. Hapa hajawahi kufika."

Alisema bila ukali, kama anayenielekeza duka. Nilimuuliza kama ana neno la kumpelekea. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana. Usimwambie kitu."

Kumbe tulikuwa tukipishana naye kila siku. Kutoka karakana hadi kwake ni mwendo mfupi wa kupanda, kwenye uchochoro wenye vinyozi na wauza chapati. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, anakaa kwenye kiti kifupi mno kwake, anasugua kwa brashi viatu vya mitumba ndani ya beseni la povu na kuvipanga juani vikauke. Kiswahili chake kilikuwa cha kule ziwani, chenye ladha ya Kongo.

"Kapiteni," nilimwamkia, nikidhani namheshimu.

Brashi ilisimama. "Usiniite vile. Unataka kiatu ya namba gani?"

Nikamweleza nilichokuja nacho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akasema hajui kitu, waulizwe wenye maboti, wao ndio wanaojua kila kitu. Nikamshukuru na kuondoka. Sikuona vibaya. Nimewahi kukaa na manahodha waliopoteza chombo, na najua kwamba mtu wa namna hiyo ukimsukuma anafunga mlango kwa ndani.

Lakini nilianza kupandia kwake saa ya chakula. Kando yake kulikuwa na mama anayeuza chai ya maziwa kwenye chupa, nikawa nainywea hapo. Sikumuuliza habari za jiwe. Nilimweleza ya kwetu: jinsi bahari inavyotoka na kurudi, mpaka mahali ulipoelea asubuhi mchana unapapita kwa miguu. Hilo lilimshangaza. Aliniuliza kama meli zote zinajua saa za maji kutoka. Aliniuliza kama baharini kuna ukungu. Siku nyingine aliniuliza kama baharini nako mtu anajua mahali alipo kwa kutazama nchi kavu.

"Sana," nilimwambia. "Unatazama vitu viwili, msikiti na mnazi mrefu, tuseme. Vikikaa mstari mmoja unajua uko wapi."

Akachukua kiatu, akakiweka chini tena.

"Mimi niliona kanisa," alisema.

Ndipo akanisimulia. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, boti imebeba viazi, ndizi na watu. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Alikuwa anapita pale anapopita siku zote, mbali na kisiwa. Aliangalia nchi kavu akaona paa la kanisa la bati linatokeza pembeni ya miti ya mikaratusi, na wakati huohuo boti ikapiga kitu, ikanyanyuka mbele, ikalala ubavu. Watu wakashikilia magunia na mbao. Mitumbwi ya wavuvi ikaja mbio. Walipowahesabu watu, mchuuzi wa dagaa hakuwamo.

"Banasema nilikata kona," alisema. "Pale kwa kona kanisa haionekani, miti inaifunika. Nilisema mbele ya watu wote kama niliona kanisa. Bakasema ni woga imenichanganya. Banarudia, banarudia." Alifuta mikono kwenye suruali. "Sasa hata mimi sijui kama niliiona."

Nilimaliza chai yangu nikarudi kazini.

Wakati huo boya lilikuwa linakua. Tulilichomelea kwa mabati mazito, tukajaza povu gumu ndani ili hata likitoboka lisizame. Kwa hatari inayosimama peke yake namna ile, boya hupakwa rangi nyeusi na mkanda mwekundu katikati, na juu ya mlingoti wake hukaa mipira miwili myeusi. Mipira ndiyo iliyonitesa. Huko pwani ilikuwa inaletwa tayari. Hapa nilizunguka maduka ya vyuma bila kupata kitu cha mviringo, mpaka mke wangu akanipeleka Kimironko kwenye wauza vyombo, tukanunua sufuria nne za ukubwa mmoja zisizo na mifuniko. Muuzaji aliuliza ni harusi au msiba. Nilizikabilisha mbili mbili, mdomo kwa mdomo, nikazifunga kwa misumari ya ribiti, nikazipaka rangi nyeusi, na karakana nzima ikasimama kuja kutazama. Kwa siku kadhaa walikuwa wananiuliza kama ubwabwa umeiva.

Ni sufuria hizo zilizomleta yule muuza viatu. Mchana mmoja niliinua kichwa nikamwona amesimama getini, povu bado liko mikononi. Alikuwa amesikia watu wanazicheka uchochoroni. Alilizunguka boya lote kimya kimya kisha akanyoosha kidole juu.

"Ile mbili ina maana gani?"

"Maana yake: hatari iko hapa hapa chini yangu. Pita upande wowote unaotaka, lakini usinipitie juu."

"Na kapiteni ataiona, hata usiku?"

"Lina taa ya sola. Inapiga mara mbili, inapumzika, inapiga tena mara mbili."

Aliweka kiganja kwenye chuma, kama mtu anayempima mgonjwa homa. "Tutaenda wote kutafuta ile jiwe," alisema. "Lakini kama haionekani pale ninasema, usiniulize tena maisha yangu yote."

Tulishuka ziwani wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua. Wenye maboti walitupa mitumbwi miwili ya mbao yenye injini na watu wa kuiendesha. Walipoona ni nani niliyekuja naye waliamkiana naye kwa heshima, lakini hawakukaa karibu. Yeye alikaa mbele ya mtumbwi wangu, ameshika mbao kwa mikono miwili, na nilivyomtazama niliona kwamba tangu siku ya ajali hakuwa ameingia kwenye chombo chochote.

Namna ya kulitafuta jiwe ni kufagia. Mitumbwi miwili inakwenda sambamba ikiwa imeachana, na kati yake inaburuta kamba nzito yenye vizito, iliyoning'inizwa ili ikae chini ya maji kwa kina unachokitaka. Kamba ikipita bure, hapo pako salama. Ikinasa, umepata kitu. Ni kazi ya kuchosha, inafanana na kufyeka nyasi usizoziona.

Tulianzia kwenye kona, kama tulivyoelekezwa. Tulifagia tukarudi, tukafagia tukarudi. Chini ya Ziwa Kivu ardhi hushuka ghafla kama ukuta, hatua chache kutoka ufukweni mguu haufiki chini. Kamba haikugusa kitu. Mwendeshaji wa mtumbwi wa pili alisema pengine tunaifunga vibaya. Tukaifunga upya, tukapita tena. Hakuna.

"Twendeni nje kidogo," nilisema.

"Nje hakuna kitu," mwendeshaji akajibu. "Nje ndiyo njia. Sisi wote tunapita huko."

"Basi tutathibitisha."

Tukasogea nje, kila mara upana wa kamba. Jua lilikuwa limepanda na maji yalikuwa yanametameta mpaka macho yanauma. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria maneno ya kumwambia kapiteni wakati wa kurudi, kamba ilipokaza ghafla na mitumbwi yote miwili ikageuka kuelekeana. Tukazima injini. Tukavutana na kamba mpaka tukafika juu ya mahali penyewe. Nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikaushusha. Uligonga, tena mapema sana. Kwa mtu mrefu maji yangemfika kiunoni tu. Pande zote za jiwe, upondo ulizama bila kufika chini.

Kapiteni alikuwa amesimama. Alikuwa hatazami maji, alikuwa anatazama nchi kavu, nami nikageuka kutazama alikotazama. Mikaratusi ilikuwa imesimama kama pazia, na mwisho wake, mkono wa kulia, lilitokeza paa la bati la kanisa, linang'aa.

"Ni hapa," alisema.

Akakaa chini. Akachota maji ya ziwa kwa viganja akaosha uso, akachota tena.

Mwendeshaji wa mtumbwi wa pili, aliyekuwa amesema nje hakuna kitu, alikuwa anachezea kamba. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kiangazi cha nyuma boti aliyokuwa akiiendesha ilisikia kitu kinakwangua chini, mahali kama hapa. Alidhani ni gogo. Hakumwambia mwenye boti.

"Na mzigo ilikuwa mingi?" kapiteni akamuuliza.

"Hapana. Ilikuwa nusu."

Basi mambo yakaeleweka. Wakati wa mvua kila mtu alipita juu ya jiwe lile bila kulijua. Kiangazi, mwenye mzigo mwepesi alilipita kwa bahati. Yule aliyelipata alikuwa ni yule aliyebeba mzigo wa kawaida, katika njia ya kawaida, kwenye wiki ambayo maji yalikuwa chini kabisa.

Siku iliyofuata tulitega boya. Tulishusha nanga mbili za zege kwenye bega la jiwe, tukapima mnyororo, na lile dude letu la Gitega likasimama wima majini likiwa na sufuria zake juu. Mkubwa wa umoja wa maboti alikuja kuliona. Alimshika kapiteni mkono na kukawia kuuachia. Alimwambia atawaeleza watu. Kapiteni alijibu asante.

Tukiwa njiani kurudi Kigali nilimwambia nafurahi kwamba sasa imejulikana. Alikuwa anatazama milima kupitia dirisha la lori.

"Imejulikana," alisema. "Lakini ule mtu bado amekufa. Na mimi ndiyo nilikuwa naendesha."

Baada ya mwendo mrefu akauliza, "Mama wa watoto yake iko Kimironko mpaka leo?"

Nilimwambia yuko, na mahali anapouzia.

Sikujua kama angekwenda. Zilipita wiki, viatu vinasuguliwa, mageti yanachomelewa. Halafu alikuja nyumbani kwetu asubuhi ya Jumapili, amevaa koti, amenyoa, akamwomba mke wangu amsindikize kwa sababu mwanamke na mwanamke wanasikilizana. Mke wangu akasema tutakwenda wote watatu.

Mama yule alimwona tangu mbali. Nadhani alimtambua kwa urefu. Hakuinuka, lakini alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akampa akalie. Kapiteni akakaa, magoti yakamfika kifuani. Alianza kusema Kinyarwanda kwa sauti ya chini, na mke wangu akawa ananinong'oneza. Alisema jina lake. Alisema alikuwa anaogopa kuja. Alisema jiwe limepatikana, na lilikuwa njiani, lakini hakuja kwa ajili ya kujisafisha.

Mama alimkatiza.

"Habari ya jiwe nimesikia," alisema. "Mimi ninataka kitu kimoja. Wewe ulikuwa naye asubuhi ile. Alikuwa anafanya nini?"

Kapiteni hakutegemea swali hilo. Alisugua mikono yake. Akaeleza kwamba mume wake alikuwa amekaa mbele, karibu naye, juu ya gunia la viazi, na tangu walipoondoka alikuwa hanyamazi. Alikuwa anasimulia habari za ng'ombe. Alikuwa ameona ng'ombe mmoja kwa jirani wa kaka yake, na alikuwa amepania kumnunua akirudi. Alimsifia yule ng'ombe mpaka abiria wakaanza kumtania kwamba anataka kumwoa.

"Ng'ombe," mama alisema.

"Ndiyo. Alikuwa anacheka. Tulikuwa tunacheka wote. Hapo ndiyo jiwe ilitupata."

Mke wangu aliacha kunitafsiria hapo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa muda nilidhani analia. Alipokiinua macho yalikuwa na machozi kweli, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Hakuniambia," alisema kwa Kiswahili, akinitazama mimi, kama shahidi wa upande wake. "Ng'ombe mzima. Hakuniambia." Kisha akamgeukia kapiteni. "Ilikuwa na rangi gani?"

"Nyekundu. Na hapa, kwa uso, iko na nyeupe."

Muuza dagaa wa meza ya pili aliuliza kuna nini. Mama akamgeukia na kuanza kumsimulia, mkono mmoja umeshika bega la kapiteni asije akaondoka. Mimi Kinyarwanda changu ni kidogo. Nilikuwa nikisikia tu *inka*, *inka*, ng'ombe, ng'ombe, na mwenzake anapiga makofi.